Kabla Hujainua Pua ya Pikapu Yako

Ukisimama siku ya soko kando ya barabara inayotoka mjini Kisii kwenda Marani, hutakosa kuona pikapu au Probox ambayo mbele yake imenyanyuka kuliko ilivyotoka kiwandani. Sababu inaeleweka. Hii ni nchi ya vilima iliyoko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, inapata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na udongo wake mwekundu ukishalowa hauchagui gari. Anayebeba matoke kutoka Kegogi hadi soko la Daraja Mbili hawezi kungoja barabara ikauke, kwa sababu ndizi zinaiva na mnunuzi anaondoka. Basi anakwenda gereji. "Fundi, niinulie mbele kidogo, inagusa." Fundi anainama, anachungulia, anafuta mikono. "Hiyo ni kazi ya nusu saa, mkubwa."

Mbele ya gari huweza kuinuliwa vizuri, na wapo mafundi wanaoijua kazi hiyo. Lakini kazi ya nusu saa, ya kukaza bolti mbili au kupachika kipande cha chuma juu ya springi, mara nyingi hulinyang'anya gari mambo yaleyale ambayo vilima vya Marani vinayadai: usukani unaotii, breki za kutegemewa kwenye mteremko, na dereva anayemwona mtoto aliye mbele ya boneti.

Kwanza lala chini uangalie kinachogusa

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, tandika gunia chini ya gari na utafute mikwaruzo. Pikapu nyingi tulizo nazo, iwe Hilux, D-Max, Nissan Hardbody au Land Cruiser 79, zina ekseli ya nyuma iliyo bomba moja zima lenye difu katikati. Kimo cha difu hiyo kutoka ardhini huamuliwa na ukubwa wa tairi peke yake. Weka springi ndefu unavyotaka, bodi itapanda na difu itabaki palepale. Kwenye barabara iliyochimbwa na malori, yenye mifereji miwili ya magurudumu na tuta la udongo katikati, difu ya nyuma ndiyo hukwaruza tuta mara nyingi. Mikwaruzo ikiwa huko, kuinua mbele hakutakusaidia hata kwa sentimita moja. Mikwaruzo ikiwa kwenye bamba la chini ya injini, hapo una hoja.

Jambo la pili ni kujua kama gari lilikuwa hivyo tangu mwanzo au limelala. Pikapu iliyobeba matofali na matoke kwa miaka 10 huwa na springi zilizochoka. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Usipime kutoka ardhini, kwa kuwa upepo wa tairi utakudanganya. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine, au ukilinganisha na gari jipya la aina hiyohiyo ukakuta lako limeshuka sentimita 3, dawa yake ni springi mpya za kimo cha kiwandani. Gari litapanda, na hakuna pembe hata moja ya usukani itakayoharibika. Naisisitiza hatua hii kwa sababu ndiyo inayorukwa kuliko zote.

La tatu ni tairi. Wengi wanaokwama hawakukwama kwa kugusa chini. Walikwama kwa kukosa mshiko. Udongo wetu ukilowa hujaza nafasi za tairi la kawaida hadi linakuwa laini kama chupa, na gari la kimo chochote hapo litateleza. Matairi ya matope yenye meno makubwa na nafasi pana, ya saizi ileile iliyoandikwa na kiwanda, hufanya zaidi ya springi yoyote. Minyororo ya kufunga kwenye tairi, ambayo madereva wa zamani wa milimani walitembea nayo chini ya kiti, bado ni kifaa bora kwa udongo wa aina hii. Hata kupunguza upepo, tuseme kutoka psi 35 hadi 22, husaidia mahali palipolainika, mradi uende polepole na uwe na pampu ya kuurudisha kabla ya kufika lami. Gharama ya haya yote kwa pamoja haipiti sana ile ya kuinua gari kwa njia iliyo sahihi.

Kinachobadilika ukiinua

Magari hutofautiana, na ubaya unaotokea hufuata muundo wa mbele. Nissan Hardbody, D-Max za kizazi cha kwanza na Hilux nyingi za kabla ya mwaka 2005 hazina springi za mviringo mbele. Zina vyuma viwili virefu vinavyolala chini ya gari na kujisokota gurudumu linapopanda. Mafundi huviita tosheni. Kila kimoja kina bolti ya kurekebisha kimo, na hapo ndipo inapotoka ile kazi ya nusu saa. Ukikaza bolti, mbele inapanda bila kununua chochote. Ila chuma hakijawa kirefu wala kigumu zaidi. Umebadilisha tu mahali mikono ya gurudumu, yaani vyuma vinavyolishikilia, inapokaa wakati wa kawaida. Ilikuwa katikati ya safari yake, ikiwa na nafasi ya kupanda na nafasi ya kushuka. Sasa imening'inia karibu na mwisho wa chini. Gurudumu likiingia shimoni haliwezi tena kushuka kulifuata shimo, kwa hiyo linapaa hewani, na mkono wa juu unagonga mpira wa kuuzuia. Dereva anausikia ule mlio wa "ko!" kila shimo na kudhani shokabu zimekufa. Gurudumu lililo hewani haliburuti gari, halipindi, halifungi breki.

Hilux za tangu 2005 na D-Max za kizazi cha pili zina springi ya mviringo iliyozunguka shokabu. Hizi huinuliwa kwa spesa, yaani kipande cha chuma au plastiki ngumu kinachowekwa juu ya springi. Hapa pana mtego ambao wamiliki wengi hawaambiwi. Springi imefungwa katikati ya mkono wa gurudumu, haikufungwa mwishoni, kwa hiyo spesa ya sentimita 2.5 huinua gari karibu sentimita 5. Mtu anayeomba "inchi mbili" akapachikiwa spesa ya inchi mbili huondoka na gari lililopanda karibu inchi nne. Kwenye Probox mambo ni tofauti, kwa sababu springi yake inasimama juu ya gurudumu lenyewe na spesa huinua kwa takriban kiasi chake halisi. Lakini Probox ni gari dogo la kubeba mizigo mjini, na nyingi zinazoinuliwa huinuliwa ili zibebe watu wengi kupita kiasi. Spesa haiongezi uwezo wa breki wala wa bodi kubeba uzito huo.

Baada ya pembe za mikono kubadilika, vingine vinafuata kimoja baada ya kingine. Boljointi, viungo vinavyoshika gurudumu kwenye mikono hiyo, zinafanya kazi zikiwa zimepinda hadi karibu na mwisho wake na zinalika mapema. Boljointi ikiachia, gurudumu hulala ubavu na usukani haupo tena. Jointi za ekseli ya mbele, zile zilizovikwa mpira mweusi wenye mikunjo, zinazunguka kwa pembe kali. Mpira unapasuka, grisi inatoka, matope ya Marani yanaingia, na baada ya wiki chache unasikia mlio wa kukatakata ukipinda kona. Mpira wa breki unaokwenda kwenye gurudumu unavutwa. Gari likiwa limesimama, mpira huo unaonekana sawa. Gurudumu likining'inia huku usukani umepindwa hadi mwisho, unaweza kukazika kama kamba ya nguo.

Kwenye Land Cruiser 79 ekseli ya mbele nayo ni nzima, na ukiweka springi ndefu ekseli hiyo huzunguka kidogo. Pembe inayoufanya usukani urudi wenyewe katikati baada ya kona inapungua. Gari linaanza kutangatanga kwenye lami, na kwa mwendo wa kasi usukani unaweza kuanza kutetemeka kwa nguvu usizoweza kuzizuia kwa mikono. Kuna bushi maalumu za kurudisha pembe hiyo, na anayeuza springi bila kuzitaja hajamaliza kazi yake.

Kupinduka, taa na breki

Uimara wa gari dhidi ya kupinduka hupimwa kwa hesabu rahisi ambayo mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, imeitumia kupanga magari tangu mwaka 2001. Chukua upana wa kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, ugawanye kwa kimo cha kitovu cha uzito wa gari kikiwa mara mbili. Magari madogo ya abiria mengi hupata kati ya 1.3 na 1.5. Pikapu na magari marefu huwa kati ya 1.0 na 1.3, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo gari linavyopinduka kwa urahisi. Tuchukue pikapu yenye upana wa mita 1.5 na kitovu cha uzito kwenye mita 0.70: inapata 1.07. Iinue mbele na nyuma kwa sentimita 10, nayo inashuka hadi 0.94. Kuinua mbele peke yake huongeza takriban nusu ya kimo hicho. Sasa panga matoke hadi yapite paa la kabini, kisha uwakalishe wapakiaji wawili juu yake, na hesabu inaharibika zaidi ya spesa yoyote.

Hata pikapu ambayo haijaguswa haina akiba kubwa. Mwaka 2016 jarida la magari la Uswidi, Teknikens Värld, lilijaribu Hilux mpya kwa zoezi la kukwepa kitu barabarani ghafla, kwa kasi ya kilomita 60 hivi kwa saa, na gari likanyanyuka kwa magurudumu mawili. Kwetu anayekwepwa ni bodaboda inayochomoka kwenye njia ya shamba, na barabara imechongwa ubavuni mwa kilima, upande mmoja ukuta wa udongo na upande mwingine shamba la mtu lililo mita kadhaa chini.

Watakaotaja Rhino Charge wamesema kweli: magari ya mashindano hayo, yanayofanyika Kenya tangu 1989 kuchangia uhifadhi wa misitu ya vyanzo vya maji, yameinuliwa sana na hupita mahali ambapo mbuzi angesita. Lakini yana mabomba ya chuma yanayoizunguka kabini kuwalinda waliomo, mikanda imara, helmeti, na mara nyingi huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Yakilala ubavu, waliomo hutoka. Pikapu ya soko haina hata kimoja kati ya hivyo.

Kuhusu taa, fanya hesabu mwenyewe. Taa ya chini hulengwa ishuke takriban sentimita 1 kwa kila mita 1 ya mbele. Pikapu ikiwa na mita 3 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kuinua pua kwa sentimita 5 kunaigeuza taa juu kwa sentimita 1.7 kwa kila mita. Taa ya chini haishuki tena; inaelekea juu, machoni pa anayekuja. Ongeza mzigo unaokandamiza nyuma na hali ni mbaya zaidi. Anayepofushwa kwenye kona ya mlima usiku huelekea alikoona mwanga, na huko ndiko uliko wewe.

Marekani kulizuka mtindo wa kuinua pua na kushusha mkia, ukajulikana kwa jina la Carolina squat. Jimbo la North Carolina lilipiga marufuku, kuanzia Desemba 1, 2021, gari ambalo ukingo wa bodi juu ya gurudumu la mbele umepita ule wa nyuma kwa inchi 4 au zaidi. Virginia ilifuata mwaka 2022 baada ya ajali iliyoua mtu. Vijana wa kule walifanya kwa ajili ya sura. Pikapu ya Marani iliyoinuliwa mbele na kujazwa tani moja ya ndizi nyuma hufika kwenye mkao huohuo bila mwenyewe kukusudia.

Mkao huo una hatari nyingine ambazo kwenye tambarare hutazihisi sana. Gari linapopanda mlima uzito unarudi nyuma, na pua iliyo juu tayari inabaki nyepesi. Unapinda usukani kwenye tope, magurudumu ya mbele yanageuka, gari linakwenda moja kwa moja. Likishuka, tatizo linahamia kwenye breki. Pikapu nyingi za zamani zina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo ndogo, inayopima mzigo kwa jinsi bodi ilivyoshuka. Ukiinua nyuma nayo ili gari likae sawa na usirekebishe fimbo hiyo, vali inadhani gari halina mzigo na inazipunguzia nguvu breki za nyuma hata ukiwa umejaza. Mafundi wa mitaani wachache huigusa fimbo hii. Muulize wako kama anaijua, na akikuonyesha ilipo, huyo ni fundi.

Kisha kuna mtoto. Barabara za Marani hazina njia za miguu. Wanafunzi hutembea ukingoni asubuhi na jioni. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na taasisi ya IIHS ya Marekani, baada ya kuchunguza ajali zaidi ya 17,000 za magari kugonga watembea kwa miguu, ulikuta kwamba magari yenye boneti ya juu kuliko mita 1 hivi yanaua kwa asilimia 45 zaidi ya yale yenye boneti fupi iliyoinama. Boneti ndefu humpiga mtu mzima kifuani na mtoto kichwani. Pia huficha. Jaribu hivi: kaa kwenye kiti cha dereva, mwambie mtu aweke mtungi wa lita 20 mbele ya bampa, kisha ausogeze mbali polepole hadi uuone. Pima umbali huo kabla ya kuinua na baada ya kuinua. Kiasi kilichoongezeka ndicho umekitoa kwa watoto wanaovuka mbele yako.

Sheria na bima

Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinadai gari na sehemu zake zote, taa na matairi yakiwemo, zidumishwe katika hali isiyohatarisha walio ndani wala wanaotumia barabara. Afisa hahitaji kifungu kinachotaja spesa; taa inayopofusha au boljointi iliyolegea inatosha, na pikapu ya biashara inayopelekwa kwa ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama ya Kenya, itaangaliwa hapohapo. Kwa upande wa bima, mkataba wako umesimama juu ya ukweli ulioieleza kampuni. Badiliko linaloongeza hatari bila kampuni kuarifiwa ni sababu ya kukataliwa fidia. Waandikie kabla ya kazi, upate jibu kwa maandishi, na utunze risiti za vipuri.

Ukiwa umeamua

Usipite sentimita 5 za kimo halisi kwenye gurudumu. Hadi hapo, ukitumia springi na shokabu zilizotengenezwa kwa pamoja kwa ajili ya kimo hicho, mambo mengi niliyotaja hubaki madogo. Inua mbele na nyuma kwa kipimo ambacho gari likiwa na mzigo wako wa kawaida litakaa sawa, na ili ujue hilo, nenda gereji ukiwa na mzigo wenyewe. Kataa kitu chochote kilichochomelewa kwa welding kwenye sehemu zinazobeba gurudumu. Spesa mbili zisipangwe moja juu ya nyingine.

Kazi ifanyike mahali tambarare, penye sakafu ngumu, gari likiwa limekaa juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake kwenye murami iliyoinama imeua mafundi. Springi ya mbele iliyobanwa nayo ina nguvu ya kuvunja fuvu. Ifunguliwe kwa kibanio chake maalumu, si kwa waya wala kamba. Ukiona waya, chukua ufunguo wako uondoke.

Gari likiwa bado juu, mwambie fundi ayaachie magurudumu yaning'inie, kisha apinde usukani kushoto na kulia hadi mwisho. Angalia mpira wa breki na waya wa sensa ya ABS kama vina nafasi. Zungusha gurudumu kwa mkono usikilize jointi ya ekseli. Likishuka, nenda siku hiyohiyo ukafanyiwe alainmenti kwenye mashine, usikubali ya macho na kamba. Taa zirekebishwe mbele ya ukuta ulio mita 10: mstari wa mwanga wa chini uangukie sentimita 10 chini ya kimo cha taa, gari likiwa na mzigo. Bolti zote zikazwe tena baada ya kilomita 100 hivi, na wiki za mwanzo uendeshe kama mtu aliyeazima gari la mwenzake, hasa kwenye kona za kushuka.

Ukinunua pikapu iliyokwisha kuinuliwa, anza na matairi ya mbele. Tairi lililolika ukingo mmoja tu linaonyesha pembe hazikurudishwa. Tazama mipira ya jointi kama imepasuka au ni mipya mno kwa gari la umri huo. Kwenye gari la tosheni, linganisha bolti mbili za kurekebisha: zikiwa zimeingia hadi mwisho, hakuna nafasi iliyobaki. Chungulia juu ya springi utafute spesa, na juu ya mkono wa gurudumu utafute alama ya chuma kugonga chuma. Mwombe mwenye gari akupeleke kwenye barabara yenye mashimo, ukae upande wa abiria, ufungue dirisha. Ule mlio wa "ko!" utausikia kabla ya kufika shimo la tatu.